Nukta Nyuma ya Kioo

9 Januari

Mdogo wangu,

Mama ananishika mkono kila ninapotaka kuanza na ugomvi. Anasema barua isiyo na salamu ni hati ya kuitwa mahakamani. Basi zipokee salamu zake zote, pamoja na zile za goti lake, ambalo limeanza tena kulalamika. Paa tumeliziba. Vitabu vyangu vimeliwa na mchwa upande mmoja wa rafu, upande wa washairi, kwa hiyo mchwa wa hapa wana elimu kuliko diwani. Fundi saa, jirani yetu kiziwi wa kuzaliwa, yule aliyenifundisha lugha ya alama nilipopoteza masikio yangu, anakusalimu kwa mikono miwili na kuuliza kama bado unachelewa kila mahali. Nimemjibu kwamba siku hizi unachelewa kwa cheo.

Wifi hajambo? Mwambie kile kitambaa alichomletea mama kimefika, na mama amekipapasa akasema ni cha bei.

Sasa jambo lenyewe. Idara yenu imebandika tangazo kwenye ofisi yake ndogo hapa mjini, ile inayotazamana na kituo cha mabasi. Tangazo la usalama wa bwawa. Juu yake, kwa herufi kubwa: "Sasa katika mifumo mbadala, kwa ajili ya watu wote." Chini yake nikaona safu za nukta nundu. Nikajisemea, huyu kitinda mimba wetu, mkuu wa kitengo cha habari huko makao makuu, hatimaye ameamka. Nikarudi nyumbani mbio, nikamvalisha mama viatu vya kutokea, nikamleta. Unakumbuka kwamba miaka yote aliyokuwa opereta wa simu hospitalini, bila macho, vidole vyake ndivyo vilivyotulisha na kukusomesha wewe.

Tangazo lilikuwa ndani ya kioo.

Nikamwita karani. Mimi nilisoma midomo yake, mama akasikiliza, kwa hiyo usiseme nimezusha.

"Mama mzee," karani akasema, "hili ni la wasioona."

"Ndiyo maana nimekuja, mwanangu."

"Basi lisome."

"Liko nyuma ya kioo."

"Kioo tumeweka ili watu wasilishike-shike, wasilichafue."

Akatafuta ufunguo katika droo tatu. Kioo kikafunguliwa. Mama akaweka vidole juu ya karatasi, akavipitisha kulia, akavirudisha kushoto, kama mtu anayepapasa shavu la mtoto mgeni. Karatasi ilikuwa laini kama sahani. Nukta zilikuwa zimechorwa, mdogo wangu. Zimechapwa kwa wino! Nukta nundu zisizo na nundu! Mtu amekaa mbele ya kompyuta, amechagua mwandiko wa nukta kama anavyochagua ua la kadi ya harusi, amebonyeza, amepokea mshahara.

Mama akafuta vidole kwenye kanga yake na kumwambia karani kwa adabu, "Nimelisoma lote. Linasema hakuna kitu."

Na kumbe alisoma sawasawa. Maana mimi mwenye macho nikayasoma yale maandishi ya kawaida, nikakuta hivi: "Wananchi waishio katika maeneo yanayoweza kuathirika wanashauriwa kuchukua hatua stahiki kwa wakati muafaka." Hatua ipi? Wakati upi? Hapo pembeni kuna namba ya simu kwa ajili ya viziwi. Simu! Kwa viziwi! Nimeitazama namba ile nikacheka hadi karani akaniletea kiti.

Sisi wa mtaa wa chini tunauona ukuta wa bwawa kila tukifungua dirisha. Umetuinamia kama mwenye nyumba anayedai. Nina maswali matatu tu, na mtoto wa shule angeyajibu. Maji yakitoka, yanatufikia baada ya muda gani? Tukimbilie wapi? Na nani atamwambia asiyesikia?

Nijibu kwa barua. Jambo la maana haliandikwi kwa kidole gumba. Jumapili ukimpigia mama, ongeeni habari za goti.

Dada yako

*

2 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yake pia, ingawa nilimpa kwa simu. Sisi tu wazima. Shemeji yako wa kike, yaani wifi yako, amehamishiwa tawi jingine la benki na anarudi amechoka. Nimesikitika kuhusu mchwa.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Kwanza nakiri kuwa kwenye nukta kulitokea hitilafu ya uchapaji. Mzabuni alishinda kwa vigezo vyote, ila hakuwa na ile mashine ya kutoboa. Lakini dada, usitupige mawe tu. Mwaka juzi hatukuwa na chochote. Leo tuna kamati nzima ya mifumo mbadala, inakutana kila mwezi, na mimi ndiye katibu wake. Umewahi kusema mwenyewe kwamba mwanzo haukosi kasoro.

Nakuletea ndani ya bahasha hii kijitabu chetu kipya cha picha kwa wasiojua kusoma, kinaitwa "Familia Salama". Pia tumetengeneza filamu fupi yenye mkalimani wa lugha ya alama. Itaonyeshwa kwenye televisheni ya kituo cha mabasi. Na mwezi huu kutakuwa na zoezi la king'ora hapo kwenu. Tafadhali shirikini.

Kuhusu maswali yako matatu, yamepokelewa na yatawasilishwa kwa wataalamu husika.

Mama ana mpango gani miezi ya katikati ya mwaka? Nauliza tu. Hajaja kwetu tangu tulipohamia nyumba hii.

Ni mimi mdogo wako

*

14 Februari

Mdogo wangu,

Goti la mama limepoa, asante kwa kuuliza kwa simu. Fundi saa amepata kazi ya saa ya kanisani na anapanda ngazi kama nyani. Bwana Taarifa, yaani mwenye duka la kona, yule mwenye redio inayosikika mpaka kaburini, anakusalimu. Kanisimamisha jana: "Dada kiziwi, mwambie ndugu yako mkubwa wa idara anitafutie zabuni ya mchele wa wahanga." Nikamwuliza wahanga gani. Akasema, "Wowote. Serikali haikosi wahanga." Ni mpuuzi, lakini ukimsikiliza vizuri anakushinda wewe kwa kusema ukweli.

"Yamepokelewa na yatawasilishwa." Nilikufundisha insha mimi. Nilikukalisha kwenye kigoda nikakupiga rula kila ulipoanza sentensi bila mtu ndani yake. Nani ameyapokea? Nani atayawasilisha? Umeandika barua nzima kwa dada yako bila binadamu hata mmoja kufanya jambo, isipokuwa mzabuni, naye hana mashine.

Nimekitazama kijitabu. Baba anacheka, mama anacheka, mtoto anacheka, mbwa anacheka. Wamebeba begi na mwavuli. Nyuma yao kuna mawimbi mawili ya buluu yaliyopindwa vizuri kama nywele za bibi harusi. Nikampa mama mwenye mboga wa sokoni, ambaye hajui kusoma na ndiye mliyemkusudia. Akafungua kurasa zote, akanirudishia akasema, "Hawa wanakwenda matembezi. Wamejaliwa."

Filamu nayo tumeiona, mimi na fundi saa, tumesimama kituo cha mabasi na jua la utosi. Mkalimani mmemweka kwenye duara dogo kona ya chini, sawa. Ila juu ya duara mmebandika nembo ya idara, na chini yake jina la mfadhili. Unaona kichwa cha dada wa watu kinatikisika, unaona mabega yanapanda na kushuka. Mikono haionekani. Mmemkata mikono! Fundi saa akaniuliza kwa alama, "Huyu anasema nini?" Nikamjibu, "Anasema anawashwa." Tukacheka. Halafu hakucheka tena, akatazama upande wa ukuta.

Na sasa zoezi lenu. Nilikuwa naanika nguo. Nikamwona Bwana Taarifa ametoka dukani ameziba masikio, nikajua king'ora kimelia. Mama alikuwa ndani. Unajua sisi tunavyoishi: kamba ya katani, ncha moja mkononi mwake, nyingine mkononi mwangu tukilala, akisikia kitu anavuta, mimi nafungua macho na kutazama kwa niaba yetu wote. Mchana kamba tunaining'iniza mlangoni. Akaivuta ile ya mlangoni mpaka msumari ukang'oka. Tukatoka, mimi macho, yeye masikio, mtu mmoja kamili, tukafuata vijana wenu wa fulana za njano.

Walitupeleka uwanja wa mpira. Eneo la kukusanyikia! Mdogo wangu, uwanja wa mpira uko chini ya mtaa wa chini. Ni bakuli. Hata mvua ya kawaida ikinyesha, vyura ndio wanaocheza ligi. Nikamwuliza kiongozi wao kwa nini hapa na si shuleni, kule kilimani. Akasema, nikasoma midomo yake vizuri sana, "Shuleni hakuna pa kuegesha magari."

Hamtuokoi. Mnatupanga mistari ili maji yasipate taabu ya kututafuta.

Mmechukua ukimya mkautafsiri: kwa nukta, kwa picha, kwa alama, kwa king'ora. Ukimya ukiuvalisha nguo nne haugeuki kuwa neno. Maswali yangu yako palepale, matatu, yamekaa yanakungoja.

Dada yako

*

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na vikao vingi, siwezi kueleza vyote.

Wifi yako anawasalimu. Amepaka rangi kile chumba cha wageni, rangi ya krimu, kuna kitanda kikubwa na dirisha linalofunguka kwenye ua. Tumezungumza tukaona mje, wewe na mama, mpumzike. Mwezi mzima, au zaidi. Nimewakatia tiketi za basi la tarehe kumi Aprili, ziko ndani ya bahasha. Ingefaa sana msipitishe tarehe hiyo. Tiketi hazibadilishiki.

Njooni na zile picha za baba, nataka kuzinakilisha. Na hati ya nyumba, kuna jambo la kodi nataka kuliangalia. Na mkufu wa mama. Vitabu vyako, vile unavyovipenda, vipandishe rafu za juu, kwa ajili ya mchwa.

Tafadhali usiwaambie majirani kwamba nimewatumia tiketi. Watu watasema napendelea.

Maswali yako bado yako kwa wataalamu.

Mdogo wako

*

27 Machi

Mdogo wangu,

Mama mzima. Mimi mzima. Wifi mwambie tumefurahi kusikia habari za rangi ya krimu.

Nilimsomea mama barua yako kwa sauti, ile sauti yangu ambayo anasema imekuwa kubwa kama ya mnadi samaki tangu nilipoacha kujisikia. Nilipofika kwenye hati ya nyumba akaninyamazisha kwa mkono. Akasema polepole, akinigeuzia uso ili nione midomo: "Mtu anayekwenda kupumzika habebi hati ya nyumba."

Kisha akasema jingine. Kwamba Jumapili mbili zilizopita ulimwuliza kwa simu kama kitanda chake bado kiko chumba cha chini. Kwamba ulivuta pumzi kabla ya kuuliza. Huyu ni opereta, wewe mjinga. Amesikiliza watu wakipokea habari za vifo kwa miaka thelathini. Anajua mtu anavyovuta pumzi akiwa na jambo ambalo hataki kulitoa.

Tangu lini unatutaka kwako? Mara ya mwisho tulipokuja, kwenye ile nyumba yenu ya zamani, wifi alitandika nailoni kwenye makochi, na mama akauliza kama tumeketi hospitalini. Na mchwa, baba! Mchwa wanapanda, hawaogopi ghorofa. Kinachoogopa rafu ya juu ni maji.

Hongera. Umeandika tangazo bora kuliko yote yaliyowahi kutoka katika idara yenu. Lina tarehe. Lina njia ya kuondokea. Linasema nini cha kubeba na nini cha kuacha. Mtu yeyote angelielewa, hata mama mwenye mboga. Kasoro yake ni moja: umelitoa kwa wasomaji wawili, na ukawaambia wasimwambie mtu.

Fundi saa ana tiketi? Mama mwenye mboga ana chumba cha krimu? Bwana Taarifa, pamoja na mdomo wake, ana watoto ambao wewe mwenyewe uliwabeba mgongoni. Ulijifunza kutembea kwenye mtaa huu. Ulianguka mbele ya kila mlango, na kila mlango ulitoka mtu kukuinua.

Usinijibu kwa lugha ya kamati. Ninajua kitengo chako kinafanya kazi gani. Kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, na sasa chupa yenyewe mmeitia nukta. Sitaki kijitabu. Nataka sentensi moja yenye mtu ndani yake na kitendo ndani yake.

Tiketi nakurudishia. Badala yake nakutumia hii kamba. Ni kipande cha ile yetu. Ncha nyingine nimemwachia mama. Ifunge mkononi ukiwa kikaoni, kati ya chupa za maji na mabakuli ya karanga. Ukijua kitu, vuta.

Dada yako

*

11 Aprili

Dada,

Barua hii anakuletea dereva wa basi mwenyewe, mkononi. Kamba imefika. Nimevuta.

Ukuta wa bwawa una ufa upande wa kushoto. Maji yanavuja kupitia kwenye ufa huo tangu Desemba, na ufa unapanuka. Mhandisi wetu ameniambia ukuta hautamaliza mvua za mwezi huu. Milango ya kutolea maji upande ule imeshika kutu, haifunguki, kwa hiyo maji hayawezi kupunguzwa. Mkurugenzi amekataza kusema mpaka fedha za ukarabati zipatikane.

Haya majibu yako. Ukuta ukivunjika, maji yatafika mtaa wa chini kabla birika la chai halijachemka. Pandeni shuleni, kilimani, msiende uwanjani. King'ora msikingoje, kwa sababu umeme wake unatoka kwenye kinu kilicho chini ya ukuta huohuo. Maji yatakikata kwanza.

Nani atamwambia asiyesikia, sijui. Naomba iwe wewe.

Ondokeni leo. Wote. Mwonyeshe mwandiko huu mtu yeyote anayetaka kuuona. Nimeandika jina langu lote na cheo changu hapa chini na nimetia sahihi.

Nimeogopa sana, dada.

*

29 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kutoka darasa la nne, ambako mama anatawala kutoka dawati la mbele. Goti linauma kwa sababu ya ngazi. Hati ya nyumba iko salama. Nyumba yenyewe haipo. Vitabu, hata vya rafu ya juu, vimekwenda na mchwa wao.

Utakuwa umesikia mengine redioni. Mimi nitakwambia yale ambayo redio haikuyaona.

Barua yako niliisoma sokoni, nimepanda juu ya kreti, kwa sauti ya mnadi samaki. Waliojua kusoma waliidaka wakaisoma wenyewe. Fundi saa akapiga magoti mahali pakavu, akachora ardhini kwa msumari: ukuta, ufa, nyumba zetu, mshale kupanda mlimani, na uwanja wa mpira ameukatia msalaba. Hakuna aliyekuwa anacheka kwenye mchoro ule, wala mbwa. Mama mwenye mboga akautazama mara moja akaanza kufunga mafungu yake. Fundi saa akaenda kwa viziwi wenzake mlango kwa mlango. Mama naye akashika mkono wangu tukawazungukia wasioona na wazee wasiotoka, akabisha, akataja jina lake, akasema, "Mwanangu ameandika hivi." Sauti ile imewaunganisha na wagonjwa wao miaka thelathini. Hakuna aliyemwuliza nembo.

Jioni ile mtaa wote ulikuwa juu.

Siku ya tatu likaja gari la idara yenu, lina vipaza sauti viwili. Mama akaniandikia kiganjani maneno yake kadiri yalivyotoka: Puuzeni uvumi. Ukuta uko imara. Rudini makwenu kwa amani. Kisha akasema, "Huyu anasoma. Hajauona ukuta. Ana mafua."

Watu wakaanza kubeba magodoro. Bwana Taarifa alikuwa wa mbele. Nikamshika shati.

"Dada kiziwi, hukusikia? Wametangaza turudi!"

"Nimeyasoma midomoni mwako."

"Basi ungeyasoma midomoni mwa serikali. Nina magunia ya watu kule chini. Mdogo wako kaandika kwa kalamu. Hawa wamekuja na gari!"

Alicheka, akanipiga begani. Mke wake na watoto akawaacha juu, akisema atawaita akishafagia. Wengine walioshuka walirudi mvua ilipoanza, kwa woga ambao ni akili. Yeye alibaki na magunia yake. Ukuta ulivunjika siku iliyofuata, saa za adhuhuri, watoto wakiwa wanakunywa uji. Mimi niliona miti ikilala. Mama aliinua uso kukitafuta king'ora, akangoja, akangoja, kisha akaniambia, "Sisikii kitu. Leo tumekuwa viziwi wote."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii aliyesikia ndiye aliyekwenda.

Nimelifikiria sana gari lile. Halikuwa na mkalimani. Halikuwa na nukta, wala picha. Fundi saa aliliona likipita, akadhani wanauza sabuni, akaendelea kutengeneza saa yake. Viziwi wote wa mtaa wa chini wako hai, mdogo wangu, kwa sababu idara yenu haikujali kuwadanganya. Ukweli ulipita kwa msumari, kwa kiganja na kwa mlango. Uongo haukuwa na mfumo mbadala.

Neno moja limebaki kooni. Desemba. Tangazo lile la kioo mlilibandika Januari.

Dada yako

*

17 Mei

Dada,

Shikamoo. Nashukuru Mungu kwa uzima wenu. Wifi yako analia kila anaposikia taarifa, na chumba kiko wazi, bila tiketi.

Nimesimamishwa kazi. Shitaka langu lina mstari mmoja: "Kusambaza taarifa kwa umma kwa mfumo usioidhinishwa." Kamati itaniita mwanzoni mwa mwezi. Wanasema wana uvumi tu na mashahidi wa sokoni. Hawana barua yenyewe. Wameagiza iletwe kama ipo.

Mwenzangu mmoja wa kamati ananiambia kwamba barua nyingi za huko zitakuwa zimelowana. Kwamba karatasi iliyolowa haisomeki, na jambo lisilosomeka huisha lenyewe, na mtu hurudi kazini. Nakueleza tu alivyosema.

Idara inaandaa bango la rambirambi. Safari hii nukta zitatobolewa kweli.

Mpe mama salamu. Sijui niwaandikie nini watu wa duka la kona, kwa hiyo sijaandika.

*

25 Mei

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na goti lake linakusalimu.

Umerudia tena. Nimeisoma barua yako nikatafuta mtu anayeomba, nikamkuta "mwenzangu mmoja". Unataka niichome barua ile. Ungesema, "Dada, ichome," ningekutukana nikakuheshimu. Sasa nitakutukana tu.

Siwezi kuichoma kwa sababu sinayo. Haikulowa. Mjane wa Bwana Taarifa aliniomba aione, akaisoma amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akaniuliza, "Hili neno ni Desemba?" Nikamwambia ndiyo. Akaikunja akaiweka kifuani. Atakuja nayo mbele ya kamati yenu, mwenyewe, na fundi saa, na mimi, na mama. Tutapanda basi lile lile. Mwambie wifi atandue nailoni.

Watakuuliza ulitumia mfumo gani. Utawajibu kwa sentensi yenye mtu ndani yake. Halafu mjane atakuuliza la kwake, na hilo nalo utamjibu, ukimtazama, bila wataalamu husika.

Bango la rambirambi walilete. Mama atalipitisha vidole, mbele yao wote, na atasema kwa sauti linachosema.

Kamba yako nimeiona ndani ya bahasha. Umeirudisha, kana kwamba kazi yake imekwisha. Nakuletea tena. Ncha nyingine bado iko mkononi mwa mama, na asubuhi hii aliniuliza kwa nini imelegea.

Dada yako